Matundu Aliyoyaziba Bibi Anastazia

Vijana wa stendi ya Ngara mnanijua kwa viti vya bodaboda. Mnasimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu, mnasema, "Shikamoo Mama Fundi, weka sponji nene, abiria wananinunia," nami naitikia marahaba huku nimeshashika mkasi. Juzi mmoja wenu alinikuta nashona huku nacheka peke yangu. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia nimekumbuka siku niliyokuwa nashona viti vya ndege.

"Ndege ipi, mama? Ya karatasi?"

Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akaninyooshea mikono kama mabawa na kuzunguka kibanda akinguruma. Sikuchukia. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana ningecheka hivyo hivyo. Ila niliporudi nyumbani nikachukua kalamu, maana kicheko cha kijana kikijibiwa kwa maneno ya mdomo kinapotea barabarani. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, inyoosheni wenyewe muendelee.

Ndege ilikuwepo. Ilikuwa ya misheni, kuukuu, imemzidi umri rubani wake. Injini moja puani, mabawa juu, viti vinne, na mwili wa turubai lililokazwa na kupakwa rangi ya ndizi iliyoiva. Ukiigonga ubavuni inaitika kama ngoma. Ilikuwa ikiruka kati ya Ngara na Biharamulo, mara chache ikaenda mbali zaidi, imebeba dawa, masista, wagonjwa, na siku moja jogoo wa padre ambaye aliwika juu ya msitu akidhani kumekucha mara ya pili. Sasa imestaafu, na mimi nimestaafu nayo. Ila nimestaafu kazi tu. Kuota sijastaafu.

Niliingiaje huko? Kwa suruali.

Rubani wetu aliitwa Kapteni Deo. Mtu mrefu, mpole, mwenye shingo ya twiga. Mimi wakati huo nilikuwa na cherehani moja, nashona sare za shule. Kapteni akaja na suruali imechanika makalioni. Nikaitia kiraka. Wiki iliyofuata akaja na nyingine, imechanika pale pale. Ya tatu ilipokuja nikaishika juu, nikaitazama mwanga ukipita, nikamwuliza, "Kapteni, unakaa juu ya nini?"

Akaona aibu kidogo. "Kiti kimetoa springi."

"Basi acha kuniletea suruali. Niletee kiti."

Akakileta kweli, kichwani, kutoka uwanjani, watu wakidhani ndege imekufa na sasa inagawanywa kama ng'ombe wa sikukuu. Nilipokishona akakikalia hapo hapo mbele ya kibanda, akafumba macho, akatabasamu. Kesho yake nikaitwa uwanjani kuviona vile vingine vitatu, na sikurudi tena kwenye sare za shule.

Mwalimu wangu wa kazi hakuwa Kapteni. Alikuwa Mzee Ladislausi, makanika wa ndege ile, mtu wa Kibimba, ambaye asubuhi alikuwa na injini na jioni alikuwa na maharage yake. Siku ya kwanza hakunipa kipimo wala kitambaa. Alinifungulia mlango akasema, "Ingia, kaa."

Nikakaa. Ndege imezimwa, jua la saa sita, milango imefungwa. Akaondoka. Nikaanza kutoa jasho mgongoni, kisha kwenye magoti, kisha mahali ambapo sikujua kwamba panatoa jasho. Aliporudi nilikuwa nimelowa kama nguo ya kuanika.

"Sasa umeona," akasema. "Wewe unadhani kazi yako ni kushona. Kazi yako ni mtu aliyekaa humu. Rubani anayeumwa kiuno anafikiria kiuno, hafikirii mlima. Anayetoa jasho anafikiria maji. Hapa chini ni tanuri, kule juu ni baridi kama kisimani, na mtu ni yule yule na shati ni lile lile."

Vijana, mkishika kazi yoyote, mpate mtu wa kuwafungia ndani ya kazi hiyo kwanza.

Nikajifunza. Tukiegesha, nafunika kioo cha mbele kwa kitenge kikubwa cheupe, maana kioo kinavuta jua kama pasi. Ndege ikiwa inatembea chini kwenda kuruka, mlango wa kulia tunauacha wazi kidogo, nimeushika kwa mguu, upepo wa propela unaingia, watu wanapoa. Hapo ndipo naufunga na kukaza. Kitambaa cha kiti kiwe cha pamba au turubai laini. Kapteni alitaka reksini nyekundu inayong'aa kama ya mabasi, nikamshonea alivyotaka. Sista mmoja mnene akasafiri nayo mchana wa jua kali. Alipofika na kusimama, kiti kilitoa sauti ndefu ya kubanduka, chwaaaa, padre akageuza uso akaanza kusali rozari ghafla. Reksini tukaibandua wiki hiyo hiyo. Ikawa mifuko ya kuchukulia sabuni.

Na matundu ya hewa. Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Ndege ile ilikuwa na matundu manne. Mawili mbele, kwenye pembe za juu za kioo, na mawili nyuma juu ya vichwa vya abiria. Kila moja lilikuwa na mrija mfupi wa bati unaouvuta na kuuzungusha, upepo wa nje ukaja usoni kwako moja kwa moja. Ndiyo hewa safi yote tuliyokuwa nayo. Nyigu waliyapenda kuliko sisi. Ukiiacha ndege siku mbili, wanajenga humo nyumba ya udongo. Nikashona vifuniko vya kitambaa vyenye utepe mwekundu mrefu, ili mtu asisahau kuvitoa kabla ya kuruka.

Senene je? Hao walituingilia siku tuliyosahau kufunga vifuniko kule Biharamulo, msimu wao ulipofika. Walikuwa wamejaa kwenye mirija kimya. Injini ikawaka, Kapteni akavuta tundu lake, na senene wakamiminika usoni kwake kama mtu kammwagia gunia. Yeye anapiga kelele, huku nyuma abiria wawili, mama na mwanawe kutoka Muleba, wametandaza kanga magotini wanakusanya. "Kapteni, vuta na la upande huu!" mama anasema. Kapteni alizima injini tukacheka mpaka machozi. Jioni tulikula senene waliokaangwa ambao karibu wasafiri kwa ndege.

Mzee Ladislausi alinifundisha hewa kwa uzi. Alinyofoa uzi mwekundu kutoka kwenye mpira wangu wa nyuzi, urefu wa kiganja, akaushika kwa vidole viwili mbele ya tundu la hewa tukiwa juu. Uzi ukalala kuelekea kwetu. Akausogeza kwenye dirisha dogo la pembeni la rubani, lile linalofunguka kwa nje. Mimi nilitegemea uzi urudi ndani kwa upepo. Haukurudi. Ulivutwa nje, ukanyooka kama mkia wa panya anayekimbia.

"Dirisha haliingizi," akasema sikioni mwangu kwa sauti ya kushinda injini. "Dirisha linanyonya. Hewa ni kama watu wa kanisani Jumapili. Wa misa ya kwanza wanatoka mlango huu, wa misa ya pili wanaingia mlango ule. Sasa ukifunga mlango wa kuingilia na kuacha wa kutokea, watu wataingilia wapi?"

"Madirishani?"

"Popote penye upenyo. Hata chini ya sakafu."

Na chini ya sakafu, vijana, ndipo ekzosi inapopita. Ndege kuukuu haikosi upenyo. Moshi wa injini una ndugu yake, sumu isiyo na harufu wala rangi, inayomlegeza mtu mpaka alale akiwa ameshika usukani. Moshi ndiye mwenye kelele. Ukimsikia huyu, jua na yule kaja naye.

"Ukiwa na shaka," Mzee akamaliza, "usibishane na mtu. Toa uzi. Uzi hauna upande."

Basi ikaja siku ya Bibi Anastazia.

Bibi huyu alikuwa wa Mabawe, mkulima, na mpika pombe ya ndizi anayejulikana. Alikuwa analea mjukuu wake, Sesilia, mtoto wa kama miaka mitano, aliyezaliwa na mdomo wa juu uliopasuka mpaka ndani kwenye kaakaa. Maziwa akinywa yanatokea puani. Akisema, maneno yanatokea puani vilevile, na watoto wenzake hawakuwa wema. Kwa hiyo alikuwa ameamua kutosema. Alijificha ndani ya kitenge cha bibi yake, akatuchungulia kwa jicho moja.

Hospitali moja ya Biharamulo ilikuwa imepata madaktari wageni wa kushona midomo ya watoto, na siku ile ilikuwa ya mwisho, kesho yake wanaondoka. Bibi alikuwa ameshampeleka Sesilia mara moja kabla ya hapo, kwa basi. Barabara wakati huo haikuwa na lami. Vumbi jekundu likamwingia mtoto, akafika anakohoa, na daktari akasema mtoto mwenye kikohozi halazwi kwa dawa ya usingizi, ni hatari. Wakarudishwa. Bibi alilia njia nzima ya kurudi, alinisimulia mwenyewe. Paroko aliposikia akaomba wapewe nafasi kwenye ndege, mahali pasipo vumbi. Na Bibi alikuwa ameweka nadhiri kwamba safari hii hakuna upepo wala vumbi litakalomgusa mtoto huyu.

Uwanjani nikajaribu kumchekesha mtoto. Nikatoa uzi wangu mwekundu, nikauning'iniza mbele ya pua yangu, nikaupuliza, fuu, ukaruka. "Na wewe, Sesi."

Akatoa uso. Akavimbisha mashavu, akapuliza. Hewa yote ikatokea puani. Uzi uligeuka kidogo tu, ukarudi, ukagusa pua yake. Akarudi ndani ya kitenge, na hakunichungulia tena.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajifanya nina shughuli.

Shughuli zilikuwepo kweli, maana ng'ombe walikuwa wameingia uwanjani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, majani mabichi, ng'ombe hawaondoki. Kapteni na mimi tukaenda kuwafukuza, tukimwacha Bibi na mtoto wameshapanda na kukaa nyuma. Tulivyorudi, viatu vimejaa tope, Kapteni akakaa kwenye kiti chake, pembeni yake sanduku la chanjo, mimi nikakaa nyuma ubavuni mwa Bibi. Injini ikawaka. Kapteni akavuta tundu lake la hewa. Hakuna upepo.

"Nyigu tena," akanung'unika. Akafungua dirisha lake dogo la pembeni, tukaruka.

Vilima vya Ngara vikabaki nyuma, migomba ikawa kama nywele zilizosukwa. Sisi wanne tulikuwa tumelowa umande na mvua, na hakuna hewa inayoingia, kwa hiyo kioo cha mbele kikaanza kufunga ukungu kwa ndani. Kapteni anafuta kwa kiwiko cha mkono, kinafunga tena. Akafungua dirisha zaidi. Mbele yetu mawingu yalikuwa yamekaa chini chini juu ya msitu.

Ndipo nikasikia harufu. Mafuta yaliyoungua. Nikanusa tena.

Na Sesilia akakohoa.

Kikohozi kidogo tu, kho. Lakini Bibi aliruka kama kachomwa mwiba. Akamkumbatia mtoto, akapaza sauti kwa Kapteni: "Funga dirisha hilo! Upepo umemwingia!"

"Bibi, sioni mbele! Mama Fundi, hebu angalia hayo matundu ya nyuma, kuna nini?"

Nikavuta mrija wa juu yangu. Haukuja. Nikaingiza kidole, nikagusa kitu kigumu, kikavu, kimeviringishwa.

"Usiguse," Bibi akasema. "Nimeziba mimi."

"Umeziba, bibi?"

"Yote manne. Mlipokuwa kwa ng'ombe." Wala hakusema kwa hofu. Alisema kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. Alikuwa amekuja nazo tayari, nyuzi kavu za mgomba amezisokota na kuzizungushia kipande cha kanga, kama wanavyoziba vibuyu vya pombe kwao. "Kibuyu nikikiziba mimi, hakitoi hata harufu."

Kapteni alikuwa amesikia. "Bibi yangu, sasa sisi ndio tuko ndani ya kibuyu!"

"Heri kibuyu kuliko kikohozi!"

Sesilia akakohoa tena, mara mbili. Kapteni akageuza ile shingo yake ndefu akanitazama, na katika uso wake hakukuwa na mchezo. "Harufu unaisikia?"

"Naisikia."

"Ama yazibuliwe sasa hivi, ama nageuza turudi Ngara. Siwezi kuendelea hivi, kichwa kimeanza kuniuma."

Turudi Ngara. Bibi alilielewa neno hilo kuliko mimi. Macho yake yakajaa. Akaweka kiganja juu ya tundu lililokuwa kichwani mwake, akalishikilia kabisa. "Mkizibua, anakohoa, wanamrudisha. Mkigeuza, madaktari wanaondoka. Mnataka nifanye nini? Niambieni, nyie mnaojua ndege!"

Mngefanya nini ninyi? Mkono wake ningeweza kuung'oa pale, nilikuwa na nguvu. Lakini ule haukuwa mkono wa ubishi. Ulikuwa mkono wa mtu aliyesharudishwa mara moja.

Nikatoa uzi.

"Bibi, tazama hapa tu." Nikanyoosha mkono mbele mpaka karibu na dirisha la Kapteni. Uzi ukavutwa nje, ukanyooka. "Upepo unaingia au unatoka?"

Akakunja uso. "Unatoka."

"Basi si huo unaomkohoza. Sasa tazama." Nikainama, nikaushusha uzi miguuni petu, pale ubao wa sakafu unapokutana na ukuta wa turubai. Uzi ukasimama. Nawaambieni ulisimama, kama nyoka anayeinua kichwa, ukaelekea juu, ukaelekea magotini kwa Bibi, kwenye uso wa mtoto.

Bibi aliutazama. Akapeleka pua chini akanusa. Huyu ni mtu aliyekaa na moto wa kuni maisha yake yote, hakuhitaji nimweleze zaidi.

"Moshi," akasema. "Moshi unatoka chini."

"Ndiyo, bibi. Dirisha linanyonya, na mlango wa juu umefungwa, kwa hiyo—"

"Nyamaza, mwanangu, najua. Ni jiko lililozibwa paa." Akajipiga kiganja kwenye paji la uso. "Yesu na Maria! Nimemfukiza mtoto kama ndizi!"

Akashika kizibo chake mwenyewe akavuta. Kilikuwa kizibo kizuri mno. Hakitoki. Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye kiti cha mbele, na kilipotoka kilitoa mlio wa chupa inayofunguliwa, po! Upepo ukaingia kwa hasira zote, ukamvua kilemba kikaruka mpaka kichwani kwa Kapteni kikamfunika macho.

"Bibi! Mimi ndiye dereva!"

Sesilia, ndani ya kitenge, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza niliyosikia sauti yake.

Cha kwangu kilikataa katakata, nikakitoboa na kukitoa vipande vipande kwa sindano ya kushonea magunia. Ya mbele Kapteni aliyatoa mwenyewe, huku Bibi akimwelekeza: "Zungusha kwanza, usivute tu, unakata kamba!" Dirisha likafungwa, matundu manne yakapuliza, ukungu ukafutika kwenye kioo kama mtu kapitisha kitambaa, na msitu wa Biharamulo ukatokea chini yetu, kijani mpaka macho yanauma. Harufu ikaisha.

Lakini sasa ulikuwa upepo wa kweli, wa baridi, na ulikuwa unampiga mtoto kichwani. Nikachomoa mto wa mgongoni mwangu, nikaushika kati ya tundu na Sesilia, umelala mshazari, upepo ukagonga mto ukapanda darini na kurudi nyuma. Niliushika hivyo mpaka tulipotua. Mikono ilikufa ganzi. Bibi alikuwa anahesabu pumzi za mtoto kwa midomo, bila sauti, na kila kimya kilichopita bila kikohozi aliniangalia.

Hospitalini nesi akauliza lile swali. "Mtoto ana kikohozi?"

Bibi alimtazama Sesilia. Angeweza kusema hapana. "Alikohoa mara tatu," akasema, "kwa moshi, kwa sababu niliziba ndege."

Nesi akatutazama mmoja mmoja. "Uliziba nini?"

Tukaeleza, wote wawili kwa pamoja, kwa mikono. Nesi alicheka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akamwita daktari. Daktari akasikiliza kifua cha Sesilia mbele, akasikiliza nyuma, akasema wangoje mpaka mchana, amsikilize tena. Tukakaa kwenye benchi. Bibi hakukubali Sesilia apitiwe hata na mtu anayefagia. Mara moja mtoto akafungua mdomo, sisi wote tukasimama, kumbe anapiga miayo.

Mchana wakamsikiliza tena. Wakamchukua.

Tuliporudi Ngara sikuweza kushona kitu kingine chochote mpaka nilipotengeneza kitu kimoja. Nilikata turubai gumu, nikaliwekea waya pembeni, umbo la kiganja kilichokunjwa, likavalishwa kwenye mrija wa hewa. Ukitaka upepo usoni, unalielekeza usoni. Ukiwa na mtoto, unaligeuza juu. Mzee Ladislausi aliligeuza huku na huku, akapitisha uzi, hakusema neno. Akaenda kuyalima maharage yake. Kwa mtu wa Kibimba hiyo ni sifa kubwa. Tukaviita viganja vya Bibi, na vilikaa kwenye ndege ile mpaka siku yake ya mwisho.

Majuma yakapita, tukatumwa kuwachukua. Bibi alikuwa amevaa kilemba kipya, amekifunga kwa fundo la kutosha kuvuta gari. Siku hiyo tulikuwa na abiria mwingine, mfanyabiashara wa maharage mwenye koti, aliyepewa kiti cha mbele. Hata hatujaondoka ardhini akanyoosha mkono kulifunga tundu lake. "Hewa kali," akasema, "mtu atapata nimonia."

Mkono wa Bibi ukatokea nyuma ukamkamata kifundo. "Baba, acha! Unataka kutukausha kwa moshi kama samaki? Geuza hicho kiganja juu. Hivyo. Umeona?" Akaegemea kiti chake, ameridhika, kama ndege ni ya ukoo wao.

Sesilia safari hii hakukaa ndani ya kitenge. Alikaa katikati yetu, mdomo umefungwa mzima, na mstari mwembamba wa waridi ukipanda kuelekea pua. Alikuwa ananitazama mkono. Akautazama tena. Nikajua anataka nini, nami nikaogopa, maana nilikumbuka ile siku uwanjani. Lakini alinyoosha kidole mwenyewe akagusa mpira wangu wa nyuzi.

Nikakata uzi mwekundu, nikauning'iniza mbele yake.

Akavimbisha mashavu. Bibi akaacha kuzungumza na mtu wa maharage. Sesilia akapuliza, na uzi ukaondoka mbele, moja kwa moja, ukanyooka kama kidole.

Akapuliza tena. Akapuliza kwenye sikio langu, akapuliza kwenye kilemba cha bibi yake, akapuliza kwenye kisogo cha mfanyabiashara. Kisha akageukia kioo cha pembeni, akakiwekea mdomo karibu, akapuliza, akapuliza, mpaka chote kikawa cheupe.

Kapteni akageuza shingo yake ndefu. Akaona kile kioo. "Mama Fundi! Ukungu tena? Nani kaziba matundu?"

"Hakuna aliyeziba, Kapteni," Bibi Anastazia akajibu, akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Endesha tu. Ni Sesilia anapumua."